Chuma kinachoshika koili ya mashine ya kutotolesha kipakwe nini?

Ndugu wafugaji, wengi mnaochongewa mashine za kutotolesha na mafundi wa mtaani mnauliza chuma kinachoshika koili kipakwe rangi gani ili kisiungue wala kupiga shoti.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Ile rangi ya silva ya kupaka ekzosi inavumilia joto kali, lakini silva yake ni unga wa alumini, na alumini inapitisha umeme. Msiitegemee kama kinga. Rangi ya unga inayookwa kwenye oveni inazuia umeme vizuri, ila karibu na koili haidumu. Mayai yanataka nyuzi 37.5 tu, sawa, lakini koili yenyewe inafika mamia ya nyuzi!

Enameli, ile ya sahani na bakuli za zamani, inaweza yote mawili kwa sababu ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma. Shida ni kwamba ikigongwa inabanduka, hasa kwenye kona na matundu ya skrubu, na hapo chuma kinabaki wazi.

Kwa hiyo mimi rangi naiweka mwisho. Koili ishikwe na vishikizo vya kauri, halafu bodi lifungwe waya wa ethi. Ethi iwe imezikwa ardhini kweli, siyo tundu la soketi lisilo na waya nyuma yake. Kumbuka unajaza maji mle ndani, mikono imelowa. Kabla ya kupanga mayai, mashine ichomolewe na fundi umeme apime kwa mega kati ya koili na bodi. Bisibisi ya tesa haitoshi.