Ndege wa Mida: Somo la Tope na Subira



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumzia mbuzi, shamba na akiba ya kikundi. Safari hii tunataka tuzungumze juu ya ndege. Msicheke kwanza. Tulipowapeleka akina mama wa kikundi kimoja cha Kaloleni kule Mida, mmoja wao alituuliza ndani ya matatu: "Jamani, nauli yote hii, na hao ndege hata hatutawala?" Swali lake ni zuri. Tutalijibu mwishoni.

Kwa nini tulikwenda? Kikundi hicho kina silanga nyumbani. Wakati ule walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka walime mpaka ukingoni mwa maji, kwa kuwa pale pana nyasi na tope tu, "hapana kazi." Wengine walikataa. Mkutano wa mwisho ulivunjika kwa maneno makali. Tukaona badala ya kuwahutubia, heri tuwapeleke mahali ambapo tope linafanya kazi mchana na usiku.

MIDA NI NINI?

Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, karibu na Watamu na Gede. Hakuna mto unaomwaga maji yake pale. Maji matamu hupenya chini kwa chini. Kandokando imeota mikoko ya namna nyingi: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa na mlilana. Mahali hapa ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, nayo husimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).

Maji yakipwa, uwanja mpana wa tope na mchanga hubaki wazi. Ukiutazama kwa mbali utasema ni mahali patupu. Kumbe ndani mna kaa, minyoo na konokono wasiohesabika. Hiyo ndiyo ghala ya ndege. Tena katika mizizi ya mikoko hukua samaki wadogo na kamba, ambao baadaye huingia katika nyavu za wavuvi.

WAGENI WA KASKAZI

Wazee wetu walijua majahazi ya Waarabu yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Ndege wengi wa Mida nao wana safari kama hiyo. Hufika kuanzia Agosti na Septemba, hukaa nasi miezi ya joto, na mwezi wa Aprili, wakati wa tanga mbili, huanza kuondoka kwenda kuzaa.

Tuwataje watatu tu:

1. Mla-kaa. Hili ni jina tulilompa sisi. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huzaa pwani za Bahari ya Shamu na Uarabuni, pamoja na Oman. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja.

2. Sululu. Mdomo wake mrefu umepinda kama sululu ya kuchimbia, naye huutumia kuchokoa kaa mashimoni.

3. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo. Uzito wake ni gramu 60 hivi. Huyu huzaa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, kilomita kama 9,000 kutoka hapa. Wakati mwingi ni wa kijivu, lakini Machi na Aprili hugeuka mwekundu kama tofali. Ukimwona hivyo, jua amefunga mizigo.

Wadogo wa mwaka wa kwanza wengi hawaendi. Hubaki huku mpaka wapate nguvu.

KOSA TULILOLIFANYA

Siku ile tulifika maji yakiwa yamepwa kabisa. Ndege walikuwa mbali, wadogo kama punje za mtama. Tukavua viatu, tukaingia topeni kuwafuata. Kundi zima likaruka. Tukafuata tena, likaruka tena. Mzee mmoja mvuvi akatuita: "Wanangu, hapa huendi kwa saa ya mkononi, waenda kwa maji. Kaeni kivulini, watawajia wenyewe."

Tukakaa. Maji yalipoanza kujaa, yakawasukuma ndege taratibu mpaka wakawa karibu nasi. Yule mama wa matatu akawa wa kwanza kuomba darubini, na kumrudishia mwenzake ikawa kazi!

Baadaye tulielewa uzito wa kosa letu. Ndege hawa hula wakati tope liko wazi, kisha bahari hufunga ghala. Kabla ya safari inawabidi waweke mafuta mwilini, kwa maana njiani ni mwendo mrefu bila kula. Kila mara tulipowarusha, tulipunguza saa zao za kula, na tukawachomea mafuta waliyokwisha kuyapata. Ni kama kumpokonya msafiri masurufu yake kituoni. Kwa hiyo Machi na Aprili ndiyo miezi mizuri ya kuwatazama, na ndiyo miezi mibaya ya kuwasumbua.

JINSI YA KUHESABU

Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa sehemu nyingi za Kenya. Nasi tunaweza kujifunza kwetu:

1. Mwaga konzi ya kunde juu ya mkeka. Tazama kwa muda mfupi, kisha kila mmoja akisie ni ngapi. Halafu mzihesabu. Wengi hukisia pungufu. Rudieni mpaka jicho lizoee.

2. Kwa ndege, hesabu kumi kwanza. Jicho likishika ukubwa wa kumi, endelea kumi kumi, kama tunavyopanga nazi kwa mafungu.

3. Andika tarehe, saa, hali ya maji na hesabu. Usipojua jina, andika rangi, mdomo na miguu.

4. Rudi mahali palepale kila mwezi. Hesabu ya siku moja ni habari, ya mwaka mzima ni ushahidi.

JE, KUNA FEDHA?

Ndiyo, lakini tuseme ukweli. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango uitwao ASSETS. Pale Mida likajengwa daraja la mbao la kuning'inia kati ya mikoko, na kibanda cha kutazamia ndege. Ada za wageni zikasaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi jirani na Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, wageni walikatika ghafla. Kwa hiyo kikundi kisitegemee wageni peke yao. Faida ya kwanza ya Mida ni samaki na kaa, na mikoko inayozuia mawimbi yasile ardhi.

TULIPORUDI NYUMBANI

Juma lililofuata akina mama walikwenda silangani alfajiri, wakakaa kimya, wakaandika. Waliona korongo, vyura wengi, na jambo jingine: mahali ambapo nyasi zilikuwa zimefyekwa, udongo ulikuwa ukiteremka majini. Waliotaka kulima walinyamaza. Si wote waliokubali, na hatutawadanganya. Lakini walipatana kuacha hatua ishirini za nyasi kuzunguka maji mpaka masika yaishe, kisha wapime tope na kuamua.

Yule mama alilijibu swali lake mwenyewe: "Kumbe hatukwenda kula ndege. Tulikwenda kujua ndege anakula nini, kwa maana hapo ndipo na sisi tunapokula."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijijini kwetu ni mahali gani panaitwa "hapana kazi"? Nani hupata chakula pale: mtu, mnyama, ndege, samaki?

2. Pakiharibiwa, nani ataumia kwanza?

3. Watoto wetu wenye manati, tunaweza kuwapa kazi ya kuhesabu badala ya kupiga?

4. Chagueni watu wawili wa kuandika hesabu kila mwezi. Daftari litawekwa na nani?