Fulana, kofia au kadi ya chanjo: zawadi ipi inakuletea mteja wa vifaranga?

Leo naweka pembeni habari za magonjwa tuzungumze biashara. Wengi wenu mnaototolesha vifaranga mmeshaizoea mashine, kinachowasumbua sasa ni soko.

Nanenane iliyopita pale Nzuguni, Dodoma, alinifuata kijana mmoja anayetotolesha chotara.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, habari za kuku?"

Kuku wazima, akasema, ila biashara imemchanganya. Alikuwa amevaa fulana nyeupe yenye picha ya jogoo na jina la mradi wake kifuani. Nzuri kweli, hata mimi niliitamani. Alichapisha 60, kila moja shilingi 12,000, akazigawa zote siku mbili za kwanza za maonyesho. Hiyo ni 720,000, na ilikuwa hela aliyoitenga kwa chakula cha kuku wazazi. "Daktari, fulana zimeisha na simu haijalia hata mara moja."

Nikamwomba ageuke. Mgongoni hakuna kitu. Namba ya simu haikuwepo popote, na hata neno "vifaranga" halikuandikwa. Mtu akiona ile fulana anaweza kudhani ni ya baa ya kuku choma.

Aliniambia wazo alilitoa kwenye kampeni za uchaguzi. Simlaumu, wengi tumeiga huko. Si unajua mwenyewe, uchaguzi ukipita fulana na khanga za chama zinabaki mitaani miaka, watu wanalimia, wanabebea watoto. Lakini chama kinajulikana kila kijiji. Rangi peke yake inatosha mtu kukitambua, na siku ya kupiga kura kila mtu anaijua. Wewe mtotoleshaji mdogo watu hawakujui bado, na siku ambayo mama fulani ataamua kununua vifaranga 50 huijui. Zawadi yako ina kazi kubwa kuliko ya chama: ieleze unauza nini, unapatikana wapi, halafu iwe karibu na macho ya mteja siku hiyo ikifika.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kila kifaranga kinakuachia faida ya shilingi 300. Fulana moja ya 12,000 inabidi ikuletee mauzo ya vifaranga 40 ambavyo usingeviuza bila hiyo fulana, ndipo hela yako irudi. Fulana 60 ni vifaranga 2,400. Ukiwa na mashine ya mayai 528 na ikatotoa asilimia 80, unapata kama vifaranga 420 kwa mzunguko. Kwa hiyo ni karibu mizunguko sita ya siku 21, miezi minne unafanya kazi kurudisha hela ya fulana tu. Weka bei zako halisi kwenye hesabu hii kabla hujaenda kwa mchapaji.

Sasa nikuambie ninachopenda mimi. Ni karatasi ngumu ya ukubwa wa daftari, yenye tundu juu la kupitisha kamba, imeandikwa ratiba ya chanjo. Mteja akinunua vifaranga unamjazia tarehe kwa kalamu, palepale akikuona. Siku ya 7 kideri, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 Gumboro tena, kisha ndui kwenye wiki ya sita hadi ya nane. Hiyo ndiyo ratiba wafugaji wengi wanaifuata, lakini kaa kwanza na mtaalamu wa mifugo wa kata yako muipange kulingana na aina ya kuku unaouza na magonjwa ya eneo lenu. Chini weka maelezo mafupi: chanjo ya kwenye maji isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, na kuku waimalize ndani ya saa mbili. Halafu jina lako, "Vifaranga chotara, kila baada ya wiki tatu," kijiji, na namba ya simu kubwa inayosomeka mtu akiwa amesimama mlangoni.

Kadi kama hiyo ukiipata kwa shilingi 300, kifaranga kimoja kimeilipa. Na inatundikwa bandani. Kila siku ya chanjo mfugaji anaisogelea, anaisoma, anaona namba yako. Jirani akija kuuliza "hawa kuku umewatoa wapi?" jibu liko ukutani. Kwa sababu chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, ongeza nafasi za tarehe za mwaka mzima ili kadi isitupwe kuku wakikua.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani haraka. Mteja anayechanja kwa wakati hapotezi kuku, na asiyepoteza kuku ndiye anayerudi.

Ila kuna hatari yake, na hapa naomba unisikilize vizuri. Namba yako ikiwa ukutani, itakuwepo pia siku vifaranga vinakufa. Kama kuku wazazi hawajachanjwa, au unanunua mayai ya kuokoteza sokoni, usichapishe chochote kwanza. Tangazo litakuwa linamwonyesha kila mgeni aliyekuuzia hasara. Na usiandike "vimechanjwa Mareks" kama hujachanja. Ile ni chanjo ya siku ya kwanza, mteja hawezi kuirekebisha nyumbani.

Fulana sijazikataa kabisa. Wape watu wawili watatu wanaokutana na wateja wako kila siku: muuza duka la dawa za mifugo, na bodaboda anayekusambazia vifaranga. Huyo bodaboda bora umpe kizibao cha kuakisi mwanga, maandishi mgongoni, maana abiria wake anakaa dakika ishirini anausoma mgongo huohuo. Omba fulana moja ya mfano, ifue kwa sabuni ya unga mara tatu na kuianika juani kabla ya kulipia zote. Mifuko ya plastiki ya kubebea usiiguse, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kalamu na vishika funguo kwa biashara ya vifaranga mimi naona ni hela ya kutupa.

Namba ya simu iwe moja, ileile ya kupokea malipo, na jina linalotokea mtu akituma hela lifanane na la kwenye kadi, la sivyo atasita. Kisha nunua daftari. Kila anayepiga muulize, "Umenipata kupitia nani?" uandike. Baada ya mizunguko mitatu utajua kama ni kadi, bodaboda au jirani.

Yule kijana wa Nzuguni nilimshauri aende na kalamu isiyofutika kwa wale waliochukua fulana na anawafahamu, awaandikie namba mgongoni. Alicheka, lakini alikwenda. Mkiwa na rasimu ya kadi zenu, nileteeni ofisini nikague tarehe za chanjo kabla hamjalipa mchapaji.