Mboga Iliyo Mlangoni Pako

Somo: 2 Wafalme 4:38–41, Mithali 15:17



Njaa ilikuwa imeingia Gilgali. Elisha akaagiza sufuria kubwa ibandikwe motoni ili wanafunzi wake wale. Mmoja wao akatoka kuchuma mboga, akarudi na matango ya mwituni amejaza nguo yake, akayakatakata akayatia ndani. Hakuna aliyeyajua. Walipoonja tu, wakapiga kelele kwamba chakula kina kifo. Elisha akatia unga, Mungu akakiponya, watu wakala.

Wengi tukihubiri habari hii tunakimbilia muujiza. Leo tumwangalie kwanza yule aliyetoka kuchuma. Bidii alikuwa nayo, nia njema alikuwa nayo. Alichokosa ni maarifa. Sisi hapa Mbumbuni shida yetu imegeuka: mboga tunazijua, lakini tunaziacha. Mvua ya mwisho wa mwaka ikinyesha, terere inaota yenyewe karibu na zizi, kunde zinatambaa, malenge yanapanda ua. Terere tunaing'oa kama magugu. Kunde tunazipeleka sokoni zote, na pesa tunanunua mkate na soda. Mimi nilisomea biashara, na kwa hesabu yoyote hiyo ni hasara: umeuza chakula cha mtoto ukamnunulia sukari.

1. Usiidharau

Nikitembelea nyumba zenu kwa maombi, naona jambo moja. Mchungaji akionekana kwa njia, sufuria ya mboga inafichwa na kuku wa mwisho anakimbizwa. Wapendwa, mwacheni huyo kuku atage! Sulemani anatuambia kwamba mboga mahali penye upendo inashinda ng'ombe aliyenona mahali penye chuki. Nikija kwako, nipe muthokoi na kunde, tule kwa furaha.

Na usidhani ni chakula cha watu wasio na elimu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, ametumia miaka mingi kuchunguza mboga zetu za kienyeji. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi. Kile tunachong'oa kwa jembe, yeye anakifundisha chuoni.

2. Ijue

Ile "spinachi" ya sokoni, yenye jani pana na shina nene jeupe, kwa kweli ni chadi, ndugu wa bitiruti. Ukinunua pakiti ya mbegu iliyoandikwa Fordhook Giant, ndiyo hiyo. Jina tumelikosea, lakini chakula ni kizuri.

Majani haya, pamoja na sukuma wiki, kunde, terere na managu, yana kazi nyingi mwilini. Yanaupa mwili vitamini A, ambayo hulinda macho. Mtoto akiikosa sana, hashiki njia jioni giza likiingia. Yana vitamini K, inayofanya damu igande ukijikata. Yana foleti, ambayo mama anaihitaji hata kabla hajajua ana mimba, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki za kwanza kabisa. Yana madini ya chuma ya kujenga damu, potasiamu inayosaidia presha isipande, na nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Kijiko kimoja pembeni ya ugali hakitoshi.

3. Ipike vizuri

Osha kabla ya kukata. Usichemshe kwa maji mengi halafu ukayamwaga, maana unamwaga foleti na vitamini C. Tia mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A na K zinahitaji mafuta ili ziingie mwilini. Nyanya au ndimu inasaidia mwili kuchukua chuma, chai inazuia. Kwa hiyo chai isubiri kama saa moja baada ya chakula.

Kunde zikizidi, zitumbukize kidogo kwenye maji yanayochemka, uzianike kivulini, uzihifadhi mahali pakavu kwa ajili ya kiangazi. Jua kali huharibu vitamini A. Na asiye na maji mengi apande sukuma kwenye gunia la udongo, anyweshe kwa maji aliyooshea mboga.

4. Usiache dawa

Hapa nataka tusikilizane. Mwenye presha au kisukari ale mboga na aendelee na dawa zake. Mama mjamzito ale terere na ameze vidonge vya chuma na foleti anavyopewa kliniki. Asikuambie mtu kwamba mboga, au maombi, ni sababu ya kutupa dawa, hata kama mtu huyo amesimama madhabahuni. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga kabla ya kuongea na daktari. Mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kupata mawe ya figo, naye aulize kwanza, kwa kuwa potasiamu na okzaleti zilizo kwenye baadhi ya majani haya zinaweza kumsumbua.

Elisha hakuagiza dawa ya mbali. Aliomba unga, kitu cha jikoni, na Mungu akautumia kuokoa watu. Mungu huyo huyo ameotesha terere pale zizini kwako.

Ya kujadili nyumbani wiki hii:
- Ni mboga gani inaota kwetu na hatuili? Kwa nini?
- Tukiuza kunde, tunabakiza kiasi gani kwa ajili ya watoto?
- Ni nani kati yetu ameacha dawa kimyakimya? Tuombe naye, kisha tumsindikize kliniki.