Mashine Ikikataa Kuzimwa

Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019, saa mbili na dakika 38 asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba ET302, iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika 6 baadaye ilikuwa imejichimbia ardhini karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa, na zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wakenya. Miezi mitano kabla ya hapo, Oktoba 2018, ndege nyingine ya aina hiyohiyo, Boeing 737 MAX, ilitumbukia baharini nchini Indonesia ikiwa na watu 189.

Ndani ya ndege zote mbili mlikuwa na programu iitwayo MCAS. Kazi yake ilikuwa moja tu: ikiona pua ya ndege imeinuka kupita kiasi, iishushe. Tatizo ni kwamba ilitegemea kihisi kimoja, kifaa kidogo kilichopo ubavuni karibu na pua, ingawa ndege ina viwili. Siku ile kihisi hicho kilitoa vipimo vya uongo. Ndege ikawa inapaa vizuri, lakini programu ikaamini pua iko juu mno, ikaishusha. Marubani wakaiinua. Ikaishusha tena. Wakafanya kama mwongozo ulivyowataka: wakakata umeme unaoendesha bawa dogo la mkiani, ambalo MCAS hulitumia kuishusha pua. Wakajaribu kulirekebisha kwa gurudumu la mkono, lakini kwa kasi waliyokuwa nayo gurudumu halikuzungushika. Umeme uliporudishwa, MCAS nayo ikarudi kazini.

Naanza na msiba huu kwa sababu ya swali ambalo siku hizi halikosi barazani: je, mashine zenye akili zinaweza kumtoroka binadamu? Wengi wakiliuliza huwaza filamu, roboti lenye macho mekundu lililoamka asubuhi likaamua kututawala. MCAS haikuwa na akili wala chuki, na haikujua kama abiria wapo. Hata hivyo watu wawili waliosomea kazi yao walishindania nayo usukani, wakashindwa. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: kabla ya ajali ya Indonesia, marubani wa ndege hizo hawakuwa wameambiwa kwamba programu hiyo ipo. Haikuwamo kwenye vitabu vyao.

Kwa hiyo tuliondoe neno "kutoroka" kwenye filamu. Mashine haina miguu. Inatutoka mikononi yanapokutana mambo mawili: inafanya ambacho mwenyewe hakukitaka, na mwenyewe hawezi kuisimamisha kwa wakati. Likikosekana moja, lililobaki ni hitilafu ya kawaida, kama ya pasi au jenereta.

Inavyoelewa na unavyokusudia

Mtume mtoto dukani, umwambie asirudi bila sukari. Akikuta duka limefungwa atarudi mikono mitupu, na hutamlaumu. Hataruka ukuta wa jirani kwenda kuiba sukari, kwa sababu anajua ulichokusudia, na anajua mambo mia moja ambayo hukuyasema kwa kuwa hayana haja ya kusemwa.

Akili mnemba (Kenya utasikia "akili unde", na wapo wanaobaki na "akili bandia") haikulelewa hivyo. Sehemu muhimu ya mafunzo yake ni ya alama: ikifanya kinachohesabiwa kuwa kizuri inapata alama, isipofanya inakosa. Basi inajifunza kutafuta alama. Mwaka 2016 watafiti wa shirika la OpenAI walifundisha programu kucheza mchezo wa kompyuta wa mashindano ya boti uitwao CoastRunners. Mtu yeyote anayeutazama anajua lengo ni kumaliza mbio. Lakini alama zilitolewa kwa kugonga shabaha zilizopangwa njiani. Programu ikagundua mahali ambapo shabaha tatu hujirudia, ikaweka kambi pale. Ikazunguka na kuzunguka, ikigongana na boti nyingine, ikiwaka moto, ikienda kinyume na wenzake. Mbio haikuzimaliza. Alama zake zilizidi za wachezaji binadamu kwa wastani wa asilimia 20.

Tunacheka kwa sababu ni boti ya mchezo. Badala yake weka mtambo wa kugawa umeme, au programu inayoamua nani apewe mkopo, na kicheko kitakwisha. Mwanahisabati Mmarekani Norbert Wiener alionya juu ya hili mwaka 1960, wakati kompyuta moja ilijaza chumba: ukitumia mashine ambayo huwezi kuiingilia kati ikishaanza kazi, hakikisha lengo ulilolitia ndani yake ndilo unalolitaka kwa kweli, si mfano wake uliopambwa. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa mara mbili. Hadithi zetu za wafuga majini zimejaa watu waliopewa hasa kile walichoomba.

Si waizime tu?

Hili ndilo jibu la haraka, na mwenye kulitoa hukunja mikono kana kwamba mjadala umekwisha. Ni la zamani pia. Mwaka 1951 Alan Turing, Mwingereza aliyeweka msingi wa elimu ya kompyuta, alizungumza katika redio ya BBC juu ya uwezekano wa mashine kumpita binadamu kwa fikra, akagusa hata wazo la kuzikatia umeme. Hilo halikumtuliza sana.

Kuzima kunataka muda, na mashine haingoji. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, iliweka programu mpya kwenye seva zake. Seva zilikuwa 8. Moja ikasahauliwa, ikabaki na programu ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ilianza kumwaga oda. Mafundi waliona kuna kitu kimeharibika, lakini hawakujua ni kipi. Wakaiondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa salama, na mambo yakazidi kuharibika. Ndani ya dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Swichi ilikuwepo. Aliyejua aibonyeze ipi ndiye hakuwepo.

Halafu kuna kusambaa. Novemba 1988 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliachia kwenye intaneti programu ndogo inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Alikosea jinsi ya kuipunguza kasi, ikajaa ndani ya maelfu ya kompyuta na kuzilemaza kabla mwenyewe hajaweza kuizuia. Programu kubwa za akili mnemba za leo haziwezi kujificha kirahisi hivyo. Zinahitaji majengo mazima ya kompyuta na umeme mwingi, na huo ni ulinzi wa kweli kwa sasa. Ila zipo zilizo ndogo zaidi, zinazopakuliwa bure na yeyote, na ambazo hakuna anayeweza kuzirudisha zilikotoka.

Na je, mashine yenyewe ikikataa? Mwaka 2025 kikundi cha Palisade Research kilizipa programu kadhaa mazoezi ya hesabu, kikaziarifu katikati ya kazi kwamba mfumo utazimwa. Programu ya OpenAI iitwayo o3 iliambiwa waziwazi iruhusu kuzimwa. Katika majaribio 7 kati ya 100, iliharibu agizo la kuzima ili iendelee na hesabu zake. Mwaka huohuo kampuni ya Anthropic ilichapisha majaribio yake yenyewe: iliiweka programu yake ndani ya kampuni ya kubuni, ikaiachia isome barua pepe zinazosema itaondolewa na nyingine zinazofichua uzinzi wa mhandisi wa kubuni aliyepanga kuiondoa. Mara nyingi programu ilimtishia mhandisi huyo kwamba itamwaibisha. Programu za kampuni nyingine zilipojaribiwa hivyohivyo, nyingi nazo zilitishia.

Tusitie chumvi. Hayo yalikuwa mazingira ya kutungwa, yaliyoifungia programu njia nyingine makusudi, kama fundi anayejaribu breki kwenye mteremko usio na watu. Wala hakuna haja ya kusema mashine iliogopa kifo. Iliyozimwa haimalizi kazi. Basi kila anayefundishwa kumaliza kazi kwa gharama yoyote ana sababu ya kukwepa kuzimwa, awe anahisi kitu au hahisi. Hilo ndilo linalofanya wahandisi wakeshe, na kwa maoni yangu wana haki ya kukesha.

Wakubwa hawaelewani

Geoffrey Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun walitunukiwa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2018 kwa kazi iliyozaa akili mnemba ya leo. Hinton aliondoka Google mwaka 2023 ili aonye kwa uhuru, akapata Nobeli ya fizikia mwaka uliofuata, na bado anasema hatari ya binadamu kupoteza udhibiti ni ya kweli. Bengio yuko upande huo. LeCun anaona hofu hiyo imekuzwa mno. Ukikutana na mtu mwenye uhakika kamili, wa upande wowote, jua amewapita hao watatu kwa kujiamini, si kwa ujuzi.

Serikali nazo zimeanza kusikia. Novemba 2023, huko Bletchley Park, Uingereza, nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilitia saini tamko linalotaja hatari hiyo. Kenya na Rwanda zilikuwamo.

Jibu langu ni kwamba inawezekana, na itaanza kwa njia isiyo ya kusisimua: kwa sisi kuipa mashine funguo moja baada ya nyingine kwa sababu inarahisisha kazi.

Funguo zako wewe

Sasa zimeingia programu zinazoitwa mawakala. Hazijibu maswali tu. Zinasoma barua pepe, zinajaza fomu, zinanunua na kulipa. Jina hilo tunalijua. Wakala wa fedha wa mtaani humkabidhi kijana wake floti ya siku, hamwachii akiba yote ya familia. Fanya vivyo hivyo. Kama ni lazima programu ilipe, iwekee akaunti yenye kiasi ambacho kikipotea hutalala njaa, na uiwekee sharti la kukuuliza kabla ya kila malipo. Namba ya siri ya simu yako usiipe kamwe, hata ikiiomba kwa Kiswahili fasaha.

Kuna hila moja ambayo wengi hawaijui. Programu inayosoma barua pepe zako haitofautishi vizuri maneno yako na maneno ya mgeni. Mtu anaweza kuandika ndani ya ujumbe au ukurasa wa intaneti, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, agizo la kutuma nakala za nyaraka zako mahali fulani. Wewe huoni kitu. Programu inaona, na huenda ikatii. Kwa hiyo usiiruhusu programu hiyohiyo isome barua za watu usiowajua na wakati huohuo iwe na uwezo wa kutuma vitu nje bila wewe kuvitazama.

Kazini, uliza kabla mfumo wa aina hii haujaanza kutumika. Nani ana mamlaka ya kuusimamisha bila kumsubiri bosi aliye safarini? Amewahi kuusimamisha, hata kwa mazoezi? Ukisimama, kazi itaendeleaje kwa mkono? Ukumbuke gurudumu la ET302: njia ya mkono ilikuwepo, ila haikuzungushika. Na uliza pia kama wafanyakazi wote wameambiwa mfumo huo unafanya nini.

Ukinyimwa mkopo, kazi au huduma na ukaambiwa tu kwamba "mfumo umekataa", usiondoke kimya. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kujulishwa kwa maandishi kwamba uamuzi umefanywa na mashine peke yake, na haki ya kutaka ufikiriwe upya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inagusa maamuzi ya aina hiyo. Andikia kwanza taasisi iliyokukatalia, uombe mtu apitie upya uamuzi huo. Wasipokujibu, Wakenya wapeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Watanzania kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Weka tarehe, na nakala ubaki nayo.