Mwenye Mshahara na Mwenye Kibarua

Tumezoea kusema kuwa maskini hajui kuweka fedha. Hebu tutazame Olympic, huko Kibera, Nairobi, ambako nyumba za mawe za wenye mishahara zimepakana na vyumba vya mabati vya watu wa kibarua.

Mwenye mshahara huijua siku yake ya kulipwa. Kwa hiyo huweka fedha benki na kununua unga wa mwezi mzima. Mwenye kibarua haijui kesho yake. Jioni hununua unga na mafuta ya kupimiwa, “kadogo” kama wasemavyo wenyewe, na mara nyingi kipimo hicho humgharimu zaidi kuliko mwenziwe. Je, huo ni upumbavu? Hasha! Shilingi chache anazobakisha ndizo ngao yake mtoto akiugua, au mwenye nyumba akija kudai kodi.

Lakini fedha ya mfukoni ina wenyewe wengi: mume, jirani, jamaa wa kijijini. Ndiyo sababu wanawake huitia katika chama, wakapokezana kwa zamu. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wako wanaoificha ndani ya simu, mume asijue. Wanaume hulalamika, mimi siwalaumu wake hao, kwani katika sheria yetu mali ya mke ni yake.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimlaumu mwenye kuzifungia dinari zisizunguke. Ya chama haikufungiwa: leo imelipa karo ya huyu, wiki ijayo itanunua cherehani ya yule.