SOMO: Kabla ya Kung'oa Bomba Lote la Maji Taka

Katika Jiji la Arusha, baadhi ya nyumba zimeunganishwa na mtandao wa umma wa maji taka. Hapa Dongobesh mwenye nyumba hujijengea bomba, chemba na shimo, na vikiharibika gharama zote ni zake. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba ya mchungaji, hosteli au zahanati ya usharika. Bomba linapoziba, mara nyingi tunashauriwa kung'oa lote na kuweka jipya. Kamati isikubali kabla ya kujua tatizo liko wapi.

1. Tafuta mahali palipoharibika
Funua chemba zote. Chemba ya kwanza ikiwa imejaa na ya pili ni tupu, bomba limeziba kati ya hizo mbili. Fukua hapo tu. Zikiwa zimejaa zote hadi shimoni, huenda shimo limejaa au udongo haunyonyi tena. Hapo bomba jipya halitasaidia kitu.

2. Jua chanzo
Vyanzo vya kawaida ni mteremko mdogo, mizizi ya miti, viungo visivyogundishwa vizuri, matambara na taulo za kike zilizotupwa chooni, na magari kupita juu ya bomba lililofukiwa kwa kina kifupi. Aidha, udongo mweusi wa mbugani huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo hukatisha viungo. Chanzo kisipoondolewa, bomba jipya litaharibika kama la zamani.

3. Simamia kazi
Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa mita 20, mwisho wa bomba uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 50. Kila kona iwe na chemba. Lilaze bomba juu ya mchanga, si juu ya mawe. Shimo liwe mbali na kisima, si chini ya mita 30, kwani maji taka yanayovuja huweza kuleta homa ya matumbo na kipindupindu.

Pata makadirio ya mafundi watatu, yanayotenganisha vifaa na ufundi. Lipa kwa awamu. Malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya kumwaga maji na kukagua viungo vyote, mtaro ukiwa bado wazi.

4. Tenga fedha mapema
Ndugu wafadhili na wanakamati, bajeti ya vyoo isiishie siku ya uzinduzi. Kila mwaka tengeni fungu la ukaguzi na uzibuaji. Fungu dogo la kila mwaka ni nafuu kuliko mchango wa dharura, ambao mara nyingi huangukia miezi ambayo mkulima hana mavuno ya kuuza.

Maswali ya kujadili
• Nani katika usharika wetu anajua bomba limepita wapi? Je, kuna mchoro?
• Chemba zilifunuliwa lini mara ya mwisho?
• Shimo letu liko mita ngapi kutoka kisima cha jirani?