Mashairi ya Muyaka Yaliponeaje?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali si pesa na mashamba peke yake. Utungo pia ni mali. Mpenzi msomaji, hebu tumtazame mtunzi mmoja wa kale ambaye hakuchapisha hata ubeti mmoja maishani mwake, lakini leo tunamsoma hapa Gitothua, mbali kabisa na bahari.

Mtunzi huyo ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa. Inakadiriwa alizaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Aliishi zama za Wamazrui, akawatetea kwa ulimi wake dhidi ya Seyyid Said, hadi utawala wao ulipoanguka mwaka 1837. Lakini hakutunga siasa tu. Alitunga pia juu ya mapenzi, biashara na ufukara. Ndiyo maana husemwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Sasa, kama hakukuwa na kitabu, mashairi hayo yalikaa wapi? Yalikaa vichwani mwa watu. Wenyeji waliyahifadhi kwa moyo na kurithishana. Lakini kichwa cha mtu ni ghala la mlango mmoja: mwenyewe akiondoka, limefungwa. Aliyewahi kabla ya mlango kufungwa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Yeye alifariki mwaka 1890. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekijua Kiswahili barabara, ambaye aliyatia katika hati za Kirumi. Hatimaye William Hichens aliyahariri, na Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Piga hesabu mwenyewe: karne nzima tangu mtunzi afariki! Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz naye alitoa jijini Nairobi kitabu kinachoyaeleza mashairi hayo kwa mapana na marefu.

Usidhani kazi hiyo ilikuwa ya kunakili tu. Kwanza, alfabeti ya Kiarabu haina herufi ya sauti p, kwa hivyo waandishi wa zamani mara nyingi walitumia ile ya b. Ukikuta neno moja, ni "pata" au ni "bata"? Lazima uijue lugha ndipo uisome. Pili, Muyaka alitunga kwa Kimvita. Mtu wa Mombasa wa enzi hizo akisema "mato" ana maana ya macho. Tuseme mtunzi ametia "mato" mwisho wa mshororo ili lipatane na "mapato". Mnakili akijifanya anasahihisha aandike "macho", kina kimevunjika.

Hapa ndipo nilipoona faida ya mizani. Wengi wetu darasani hulalamika kwamba mizani ni mzigo wa mtihani tu. Hebu tazama mshororo huu niliotunga mwenyewe:

Mtunzi alipokufa, shairi halikuzikwa.

Hesabu kwa vidole: 8 na 8. Sasa mtu asiyesikia vizuri aandike: Mtunzi alipokufa, shairi likazikwa. Maana imegeuka juu chini, na ukisoma harakaharaka huoni kasoro yoyote. Lakini hesabu tena: kipande cha pili kina mizani 7. Shairi lenyewe limepiga kelele kwamba limeibiwa! Kwa hivyo mizani na vina si pambo tu. Vilimsaidia mwenye kukumbuka asisahau, na vinamsaidia mwenye kunakili ajue palipoharibika. Kwa kweli, ni daftari lililofichwa ndani ya shairi lenyewe.

Sisemi kwamba mashairi huru hayafai. Nasema hivi: asiyefuata mizani, basi aandike mapema, kwa sababu utungo wake hauna mlinzi.

Na huku kwetu je? Waimbaji wa Kikuyu walikuwa na gicandi, utungo wa mafumbo ulioimbwa kwa kibuyu kilichochorwa alama za kumkumbusha mwimbaji. Alama hizo bila mtu wa kuzieleza ni michoro tu. Guka na cucu zetu, na majirani waliohamia Ruiru kutoka kila pembe ya Kenya, wana nyimbo na tungo ambazo hazijaandikwa popote.

Nikitia nanga, natoa ombi kwa wanachama wenzangu. Kabla ya muhula ujao, kila mmoja wetu aandike utungo mmoja kutoka kwa mzee wa nyumbani kwao, kwa maneno yake yaleyale, bila kumsahihisha lahaja. Aweke jina la mzee huyo, kwa ruhusa yake, pamoja na tarehe. Muyaka alimpata Sikujua. Wazee wetu wanatungoja sisi.